Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Namna ya Kupima Uimara wa Kiongozi wa Nchi na Uwezekano wa Kuondolewa Madarakani

Maswali haya yamekusanywa kwa ajili ya yeyote anayelazimika kufanya uamuzi huku hatima ya kiongozi wa nchi ikiwa haijulikani: mwandishi wa habari, mwekezaji, mfanyakazi wa shirika la misaada, mwanafunzi wa siasa, au mwananchi anayetaka kuelewa kinachoendelea juu yake. Majibu yote yamejengwa juu ya msimamo mmoja, kwamba hatima ya kiongozi huamuliwa na watu wachache kiasi wenye uwezo halisi wa kumwondoa, na kwamba kazi kubwa ya mchambuzi ni kuwatambua watu hao, kujua kinachowashikilia upande wake, na kuona mapema pale wanapopata mahali pengine pa kwenda.

Kupima uimara wa kiongozi ni kupima kitu gani hasa?

Ni kukadiria uwezekano wa kiongozi huyo kuwa bado yupo madarakani ifikapo tarehe fulani, na kama hatakuwepo, ni njia ipi itakayokuwa imemtoa. Swali la "je, waziri mkuu yuko imara?" halijibiki, kwa kuwa watu wawili wanaweza kulijibu kinyume na kila mmoja akajiona yuko sahihi. Swali la "je, waziri mkuu atakuwa bado kwenye kiti chake tarehe 31 Desemba?" linajibika, na siku hiyo ikifika ukweli utaonekana.

Ni lazima pia kueleza mapema maana ya "kuondoka". Boris Johnson wa Uingereza alitangaza kujiuzulu tarehe 7 Julai 2022, lakini aliendelea kuwa waziri mkuu hadi tarehe 6 Septemba. Aliyekadiria kwamba angeondoka kabla ya mwisho wa Julai alipatia au alikosea? Jibu linategemea maneno aliyoyaandika mwanzoni, na ndiyo maana maneno hayo yaandikwe kwa uangalifu kabla matukio hayajaanza kumvuta mtu upande anaoutaka.

Je, kiongozi akiyumba, nchi nayo inayumba?

Si lazima. Japani ilibadilisha mawaziri wakuu takriban kila mwaka kati ya 2006 na 2012, na katika muda wote huo mahakama, benki kuu, polisi na huduma za serikali ziliendelea na kazi kama kawaida. Gabon ilionekana tulivu chini ya familia moja kwa miaka 56, kisha utawala huo ukaondolewa asubuhi moja ya Agosti 2023. Kiongozi anayebadilika kwa urahisi anaweza kuwa dalili ya taasisi zenye afya, na kiongozi asiyebadilika anaweza kuwa anaziba ufa.

Jambo la kuangalia vilevile ni kiti cha nani kinachozungumziwa. Nchini Ufaransa, serikali ya Michel Barnier iliangushwa bungeni Desemba 2024 na ile ya François Bayrou Septemba 2025, ilhali Rais aliyewateua wote wawili alibaki mahali pake, kwa sababu kura ya bunge dhidi ya serikali haimgusi.

Uchambuzi uanzie wapi?

Uanzie kwenye orodha ya njia zinazoweza kumtoa kiongozi katika nchi hiyo, si kwenye habari za siku. Kushindwa uchaguzi, ukomo wa mihula, kura ya kutokuwa na imani, kushtakiwa bungeni, uamuzi wa mahakama, kuenguliwa na chama chake, mapinduzi ya kijeshi, maandamano ya umma, ugonjwa au kifo, na uvamizi kutoka nje: hizo ndizo njia kuu, lakini hazina uzito sawa kila mahali. Baadhi hazipo kabisa katika nchi fulani, na baadhi zipo kwenye karatasi tu.

Baada ya katiba ya nchi, isomwe katiba ya chama tawala. Wachambuzi wengi huiruka hatua hii, na kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa katika nchi ambazo chama kimoja kina wingi mkubwa bungeni, uamuzi wa kumtoa kiongozi hufanyika kwenye vikao vya chama kabla ya kufika mahali pengine popote. Thabo Mbeki wa Afrika Kusini hakushindwa uchaguzi wa nchi. Alishindwa na Jacob Zuma katika uchaguzi wa uongozi wa ANC mjini Polokwane mnamo Desemba 2007, na Septemba 2008 chama kikamtaka aachie urais, naye akaachia. Miaka kumi baadaye Zuma mwenyewe alipita njia ileile: Cyril Ramaphosa alichaguliwa kuongoza chama Desemba 2017, na tarehe 14 Februari 2018 Zuma akajiuzulu. Aliyekuwa akihesabu wabunge wa upinzani peke yao, katika vipindi vyote viwili, alikuwa anatazama mlango usiofunguka.

Hesabu ya kura bungeni ifanywe vipi?

Kwanza ijulikane idadi inayohitajika na inahesabiwa kutoka wapi: wabunge wote, au waliopo na kupiga kura tu. Tofauti hiyo huamua mambo. Nchini Pakistan bunge lilikuwa na viti 342, hivyo zilihitajika kura 172 kumwondoa Waziri Mkuu Imran Khan. Baada ya vyama vilivyokuwa vikimuunga mkono kumhama, zilipatikana 174 usiku wa kuamkia tarehe 10 Aprili 2022. Wiki chache kabla ya hapo, swali lililostahili kuulizwa kila asubuhi lilikuwa msimamo wa vyama vidogo vya muungano, wala halikuwa ukubwa wa mikutano ya hadhara.

Pili, iangaliwe kama sheria inataka mrithi atajwe kabla ya aliyepo kuondolewa. Katika Ujerumani na Hispania, bunge halimwangushi mkuu wa serikali bila kumchagua mwingine kwa kura ileile. Utaratibu huu humlinda kiongozi dhidi ya wapinzani wanaokubaliana juu ya chuki tu, lakini wapinzani wakikubaliana juu ya jina, unakuwa mwepesi wa kushangaza: Helmut Kohl alimrithi Helmut Schmidt hivyo tarehe 1 Oktoba 1982, na Pedro Sánchez akamrithi Mariano Rajoy tarehe 1 Juni 2018 kwa kura 180 dhidi ya 169.

Tatu, ijulikane kama kura ni ya siri. Agosti 2017, hoja ya kutokuwa na imani na Zuma ilipigiwa kura ya siri na kupata kura 177 za kumkataa dhidi ya 198 za kumtetea. Hoja ilishindwa, lakini ilionekana wazi kwamba wabunge wa chama chake mwenyewe walikuwa wamempigia kura ya kumkataa. Hiyo ilikuwa habari yenye thamani kuliko hotuba zote zilizotolewa siku hiyo.

Kiongozi akishinda kura ya imani, je, amesalimika?

Mara nyingi hapana, na hapa ndipo vichwa vya habari hupotosha zaidi. Margaret Thatcher wa Uingereza alipata kura 204 dhidi ya 152 za Michael Heseltine katika duru ya kwanza ya uchaguzi wa uongozi wa chama mnamo Novemba 1990. Aliongoza, lakini alipungukiwa kura 4 kufikia tofauti iliyotakiwa na kanuni, na siku mbili baadaye akatangaza kujiuzulu baada ya mawaziri wake, mmoja baada ya mwingine, kumwambia kwamba hatashinda duru ya pili. Theresa May alishinda kwa 200 dhidi ya 117 Desemba 2018, na Mei 2019 akatangaza kuondoka. Johnson alishinda kwa 211 dhidi ya 148 tarehe 6 Juni 2022, na mwezi mmoja baadaye mawaziri na wasaidizi wa wizara zaidi ya hamsini walijiuzulu ndani ya siku chache, akabaki bila serikali ya kuongoza.

Kinachojitokeza ni kwamba kura ya namna hiyo hufanya kazi mbili. Inaamua suala la siku hiyo, na inawaonyesha wenye mashaka kwamba hawako peke yao. Kiongozi anayekataliwa na theluthi moja ya watu wake mwenyewe au zaidi anapaswa kupewa uwezekano mkubwa wa kuondoka ndani ya mwaka, hata kama kanuni zinamlinda asipigiwe kura tena kwa muda fulani, kwa kuwa kanuni zilizotungwa na chama hubadilishwa na chama.

Kumshtaki rais bungeni ni suala la sheria au la siasa?

Ni la siasa linalovaa mavazi ya sheria, na vyote viwili vina uzito. Sheria huweka ukuta, yaani kosa linalohitajika, idadi ya kura na hatua za kufuatwa. Siasa huamua kama ukuta huo utarukwa.

Chini ya Ibara ya 145 ya Katiba ya Kenya ya 2010, hoja ya kumwondoa Rais huhitaji kuungwa mkono na angalau theluthi moja ya wabunge ili iletwe, kisha theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Taifa, kisha theluthi mbili ya maseneta wote. Kwa miaka mingi ilionekana kuwa ngazi hiyo ni ndefu mno kwa yeyote kuipanda. Oktoba 2024 utaratibu huohuo ulitumika kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, na hatua zote zikakamilika ndani ya wiki chache, kwa sababu Rais na upinzani mkuu walikuwa upande mmoja. Ukuta ni uleule. Kilichobadilika ni waliokuwa tayari kuurukia.

Nchini Marekani hakuna rais aliyewahi kuondolewa kwa hukumu ya Seneti. Andrew Johnson alinusurika mwaka 1868 kwa kura moja: 35 za kumtia hatiani dhidi ya 19, pungufu ya theluthi mbili iliyotakiwa. Richard Nixon hakusubiri hukumu: viongozi wa chama chake walikwenda kumweleza kwamba kura za kumwokoa hazipo, naye akaondoka tarehe 9 Agosti 1974. Kipimo cha hatari, basi, ni msimamo wa maseneta wa chama cha rais, na ushahidi una nguvu pale tu unapowafanya hao waone aibu au hofu kuendelea kumtetea.

Korea Kusini inaonyesha jinsi msimamo huo unavyoweza kubadilika kwa kasi. Rais Yoon Suk Yeol alitangaza sheria ya kijeshi tarehe 3 Desemba 2024. Tarehe 7 jaribio la kwanza la kumshtaki lilikwama kwa sababu wabunge wa chama chake walisusa, na kura 200 zilizotakiwa hazikufikiwa. Tarehe 14, wiki moja tu baadaye, zilipatikana 204, na tarehe 4 Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa kwa kauli moja. Aliyehitimisha jioni ya tarehe 7 kwamba mambo yamekwisha alikosea kwa kuchukulia kura ile kuwa mwisho wa safari.

Maandamano makubwa yana uzito gani?

Ukubwa wa umati peke yake hauamui. Maswali yenye kuamua ni matatu: umati unadumu kwa muda gani, unaungwa mkono na nani asiyetarajiwa, na wenye silaha wanafanya nini wanapoamriwa kuutawanya.

Nchini Sudan, maandamano yaliyochochewa na bei ya mkate yalianza Atbara na miji mingine mnamo Desemba 2018. Omar al-Bashir alivumilia miezi mitatu na zaidi. Tarehe 6 Aprili 2019 waandamanaji walihamia mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum na kukaa hapo. Sasa jeshi lililazimika kuchagua, na tarehe 11 Aprili likamwondoa. Mahali walipokaa palikuwa na uzito kuliko idadi yao, kwa sababu hapakuwa tena na nafasi ya maofisa kukaa kando wakingoja.

Upo pia uwezekano wa kiongozi kunusurika kwa kukubali kupoteza kitu. Juni 2024 vijana wa Kenya walipoingia hadi ndani ya majengo ya Bunge kupinga Muswada wa Fedha, Rais William Ruto alikataa kuutia saini siku iliyofuata, Julai akavunja baraza la mawaziri, kisha akawaingiza serikalini wanasiasa wa upinzani mkuu. Damu ilimwagika, na haipaswi kusahauliwa katika uchambuzi wowote, lakini kwa upande wa hesabu ya madaraka hatua hizo zilipunguza idadi ya watu wenye sababu ya kumng'oa. Sheikh Hasina wa Bangladesh hakupata nafasi hiyo mwaka huohuo. Mauaji ya waandamanaji yaligeuza mgogoro wa nafasi za kazi serikalini kuwa madai ya yeye kuondoka, na tarehe 5 Agosti 2024 alikimbia nchi, miezi saba tu baada ya kutangazwa mshindi wa uchaguzi.

Hatari ya mapinduzi ya kijeshi ipimwe kwa dalili gani?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika jambo hili walisema ukweli usio na nyongeza. Nchini Niger, Rais Mohamed Bazoum alizuiliwa tarehe 26 Julai 2023 na kikosi cha ulinzi wa rais, chini ya mkuu wa kikosi hicho Abdourahamane Tchiani. Nchini Gabon, Ali Bongo aliondolewa tarehe 30 Agosti 2023 na kamanda wa walinzi wake, Brice Oligui Nguema. Nchini Guinea, Alpha Condé aliangushwa Septemba 2021 na kikosi maalumu kilichoongozwa na Mamady Doumbouya, ofisa aliyepandishwa chini ya utawala wake. Kwa hiyo uangaliwe kwanza mduara wa karibu: nani anaongoza walinzi, nani anatajwa kuhamishwa au kustaafishwa, na ni kikosi gani chenye silaha nzito kilicho ndani ya mji mkuu.

Madagascar inatoa somo la pekee. Kikosi kiitwacho CAPSAT kilichangia kumweka Andry Rajoelina madarakani mwaka 2009, na kikosi hichohicho kiliungana na waandamanaji wenye hasira juu ya ukosefu wa maji na umeme na kumtoa Oktoba 2025. Aliyepandishwa na bunduki anaijua njia hiyo, na bunduki nayo inaikumbuka.

Dalili nyingine zenye uzito ni mapinduzi yaliyotokea karibuni katika nchi yenyewe, kwa kuwa nchi iliyopinduliwa mara moja huwa karibu zaidi na mara ya pili, kama Burkina Faso ilivyopinduliwa Januari na tena Septemba 2022. Vita vinavyowaua askari bila vifaa vya kutosha ni dalili, na jaribio la kiongozi kubadilisha katiba ili abaki pia ni dalili. Hata hivyo ikumbukwe kwamba tangu 1950 takriban nusu tu ya majaribio ya mapinduzi duniani yamefaulu. Jaribio la Uturuki la tarehe 15 Julai 2016 lilizimwa ndani ya usiku mmoja, na maofisa waliomzuia Mikhail Gorbachev wa Umoja wa Kisovieti Agosti 1991 walidumu siku tatu. Katika saa za kwanza kinachoamua ni imani ya vikosi vingine juu ya nani atashinda, kwa sababu wengi wao hungoja kujiunga na mshindi. Kiongozi akionekana mapema akiwa huru na akizungumza, uwezekano wa jaribio kushindwa hupanda sana.

Uchumi ukiharibika, kiongozi huanguka?

Wakati mwingine, na tofauti iko kwenye nani anaumia. Gotabaya Rajapaksa wa Sri Lanka alikuwa na muungano wenye viti 145 kati ya 225 baada ya uchaguzi wa Agosti 2020. Nchi ilipoishiwa fedha za kigeni, ikasimamisha ulipaji wa madeni ya nje Aprili 2022, na mafuta ya magari na gesi ya kupikia vikakosekana mijini, Julai mwaka huohuo alikimbia.

Sasa tuitazame Zimbabwe. Mnamo Julai 2008 takwimu rasmi zilionyesha mfumuko wa bei wa asilimia milioni 231, na Machi mwaka huo Robert Mugabe alikuwa ameshindwa na Morgan Tsvangirai katika duru ya kwanza ya uchaguzi. Alibaki, kwa sababu chama na wakuu wa majeshi walibaki naye na vurugu dhidi ya wapinzani zikafanya duru ya pili kukosa maana. Miaka tisa baadaye, uchumi ukiwa mbaya lakini si kwa kiwango kile, alimfukuza makamu wake Emmerson Mnangagwa tarehe 6 Novemba 2017. Usiku wa tarehe 14 jeshi liliingia barabarani, chama kikamvua uongozi, bunge likaanza kumshtaki, na tarehe 21 akajiuzulu baada ya miaka 37. Njaa ya wananchi mwaka 2008 haikumtoa; hofu ya wakubwa wenzake juu ya urithi wa kiti, mwaka 2017, ilimtoa ndani ya siku 15. Ningelazimishwa kufundisha somo hili lote kwa mfano mmoja, ningechagua huu.

Kura za maoni zinasaidia kiasi gani?

Zinasaidia pale wenye uwezo wa kumtoa kiongozi wanapoogopa wapiga kura. Mbunge anayeona atapoteza kiti chake kwa sababu ya kiongozi wake huanza kutafuta kiongozi mwingine. Mbunge asiyeogopa uchaguzi hana haraka hiyo. Dina Boluarte wa Peru aliungwa mkono na chini ya asilimia 5 ya wananchi katika baadhi ya kura za maoni, lakini alikaa karibu miaka mitatu kwa sababu vyama bungeni vilinufaika na udhaifu wake, hadi vilipoona Oktoba 2025 kwamba uchaguzi unakaribia na kumbeba kumekuwa mzigo. Kinyume chake, Bill Clinton alikuwa na umaarufu wa zaidi ya asilimia 70 mwezi uleule alioshtakiwa na Baraza la Wawakilishi, Desemba 1998, na umaarufu huo ulikuwa ngao yake katika Seneti.

Katika nchi zisizo na habari huru, mtu atajuaje?

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nicolae Ceaușescu wa Romania alichaguliwa tena kuongoza chama Novemba 1989 bila upinzani wowote ukumbini. Tarehe 21 Desemba umati ulioitwa kumshangilia ulianza kumzomea, na tarehe 25 aliuawa kwa risasi. Watu waliokuwa wakipiga makofi Novemba hawakubadilika mioyo ndani ya mwezi mmoja. Walikuwa wakificha, na kila mmoja alidhani anaficha peke yake.

Katika utawala wa aina hiyo, sifa za hadharani zisihesabiwe kabisa. Vitazamwe vitendo vyenye gharama: mkuu wa usalama aliyebadilishwa ghafla, safari iliyoahirishwa, familia za wakubwa zinazohamia nje, mishahara ya askari inayochelewa, gazeti la chama linaloacha kumtaja mtu. Muhimu zaidi, mchambuzi akubali kwamba makadirio yake yatakuwa na upana mkubwa, na asifiche hilo nyuma ya maneno ya uhakika.

Umri, ugonjwa na urithi viingizwe vipi katika hesabu?

Viingizwe waziwazi, bila haya na bila ushabiki. Kifo cha kiongozi hakiishii kuwa jambo la familia. Huonyesha kama utaratibu wa urithi unafanya kazi. Rais John Magufuli wa Tanzania alipofariki tarehe 17 Machi 2021, Makamu wake Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 kwa mujibu wa Katiba, na kipindi kikaendelea. Mrithi anayejulikana na kukubalika hupunguza hatari ya vurugu.

Kwa kiongozi mwenyewe, mrithi huyo anaweza kuwa hatari, kwani wanaomchoka wanapata mtu wa kumwendea. Nchini Tunisia, Habib Bourguiba aliondolewa tarehe 7 Novemba 1987 na waziri mkuu wake, Zine El Abidine Ben Ali, kwa cheti cha madaktari saba waliosema hawezi tena kuongoza. Nchini Algeria, Abdelaziz Bouteflika aliendelea kwa miaka baada ya kiharusi cha 2013. Maandamano ya Februari 2019 yalipokua, mkuu wa majeshi alitaka ibara ya katiba kuhusu kutokuwa na uwezo itumike, na wiki moja baadaye, tarehe 2 Aprili, Bouteflika akajiuzulu. Ugonjwa wake ulijulikana muda wote. Kilichokuwa kipya ni nani aliyeutaja.

Tetesi zichukuliwe vipi?

Husemwa kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika kazi hii methali hiyo imewaangusha wengi, kwa sababu tetesi za kifo au mapinduzi mara nyingi hutungwa na wanaotaka jambo hilo litokee. Ziulizwe mambo mawili tu: chanzo chake kingelijuaje jambo hilo, na ni jambo gani jingine lingepaswa kuonekana kama tetesi ni kweli. Kiongozi anayedaiwa kuzuiliwa na askari, halafu viwanja vya ndege viko wazi, redio ya taifa inaendelea na ratiba na balozi hazijatoa tahadhari, kuna uwezekano mkubwa kwamba hajazuiliwa.

Namba ya uwezekano ipatikane vipi?

Anza na historia. Viongozi wangapi wa nchi hii, au wa nchi zenye mfumo na hali inayofanana nayo, waliondoka kabla ya muda wao katika miaka 20 au 30 iliyopita? Hicho ndicho kiwango cha kuanzia. Kisha kipandishe au kishushe kwa kila dalili halisi, na kila hatua iandikwe na sababu yake.

Hesabu mbili huwashangaza wengi. Ya kwanza ni ya muda: hatari ya asilimia 2 kwa mwezi inaonekana ndogo, lakini kwa miezi 12 inafikia takriban asilimia 21.5, kwa sababu uwezekano wa kunusurika ni 0.98 × 0.98 na kuendelea hivyo, 0.98 moja kwa kila mwezi kati ya miezi 12, yaani takriban 0.785. Ya pili ni ya njia nyingi. Iwapo kwa mwaka mmoja hatari ya kura ya bunge ni asilimia 6, ya jeshi asilimia 4 na ya afya asilimia 3, na njia hizo hazitegemeani, uwezekano wa kunusurika zote ni 0.94 × 0.96 × 0.97, takriban 0.875, hivyo hatari ya jumla ni karibu asilimia 12.5. Katika maisha njia hizo hutegemeana mara kwa mara, kama Zimbabwe ilivyoonyesha jeshi, chama na bunge vikifuatana ndani ya wiki moja, na hapo hesabu hii iwe mwongozo tu.

Baadaye pima usahihi wako. Toa tofauti kati ya uwezekano uliotaja na kilichotokea, ukihesabu 1 kama tukio limetokea na 0 kama halikutokea, kisha izidishe tofauti hiyo kwa yenyewe. Aliyesema 0.2 na tukio likatokea anapata 0.64, lisipotokea anapata 0.04. Alama ndogo ni bora. Alama ya kadirio moja haimhukumu mtu, lakini wastani wa makadirio hamsini unamwambia kweli.

Ni makosa gani yanayojirudia zaidi?

Kosa la kwanza ni kuchukulia muda mrefu madarakani kama uthibitisho wa usalama. Tarehe 31 Desemba 1977, Rais Jimmy Carter wa Marekani, akiwa mgeni mjini Tehran, aliisifu Iran ya Shah, mfalme wake, kuwa kisiwa cha utulivu. Shah aliondoka nchini tarehe 16 Januari 1979. Kosa la pili ni kinyume chake, yaani kutangaza mwisho kwa sababu mtu anautamani. Kuanzia 2011 viongozi na wachambuzi wengi walisema siku za Bashar al-Assad wa Syria zinahesabika. Alibaki miaka 13 zaidi kwa msaada wa Iran na Urusi. Kisha wengi walipokwisha kuamini kwamba ameshinda vita, mashambulizi yaliyoanza tarehe 27 Novemba 2024 yalimtoa tarehe 8 Desemba, wafadhili wake wakiwa wameelemewa na vita vyao wenyewe. Waliokosea mara zote mbili walikuwa wakimtazama Assad, ilhali nguzo zake zilikuwa Tehran na Moscow.

Makadirio yarekebishwe baada ya muda gani?

Yarekebishwe kila mwezi hali ikiwa ya kawaida, na siku hiyohiyo ikitokea mojawapo ya dalili ulizoziandika tangu mwanzo: mshirika wa muungano kujitoa, waziri mwenye uzito kujiuzulu, mkuu wa majeshi kutoa tamko lake binafsi, mahakama kupanga tarehe ya hukumu, mrithi kufukuzwa. Habari isiyogusa uamuzi wa yeyote mwenye uwezo wa kumtoa kiongozi, hata ikijaa magazetini wiki nzima, isisogeze namba.